Henry Walter Bates, Aliyefumbua Hila za Vipepeo

Kila mtoto wa Afrika ya Mashariki amjua kinyonga, na wengi wetu tumepata kumchokoza kifaurongo kwa kijiti tukamwona akikunja miguu na kulala kama mfu mpaka tuondoke. Vunjajungu wa kijani akiwa juu ya jani la mhogo hatumwoni mpaka ajitikise. Mambo haya ya wanyama kujificha kwa rangi na kwa umbo yalijulikana tangu kale na wawindaji na wachungaji wote, wala hayakumngoja mtaalamu yeyote. Lakini iko hila nyingine iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Ni hila ya mnyama asiyejificha hata kidogo, bali apita mchana kweupe amevaa rangi za kujitangaza; ila rangi hizo si zake, ni za mwingine ambaye adui wamwogopa. Hila hii haikupata maelezo yake mpaka mwaka 1861, na aliyeyatoa hakuwa profesa. Alikuwa mtu aliyetoka shule akiwa na umri wa miaka 13 hivi akatiwa katika kazi ya soksi. Jina lake Henry Walter Bates, na maisha yake ndiyo tunayoyasimulia hapa.

Bates alizaliwa tarehe 8 Februari 1825 mjini Leicester, Uingereza. Leicester ulikuwa mji wa soksi, na baba yake naye alikuwa mtengenezaji wa soksi, si tajiri wala si maskini. Siku zile mtoto wa mtu wa kadiri hakutazamiwa kusoma sana. Henry alipofika umri niliokwisha kuutaja aliwekwa kuwa mwanagenzi kwa mfanya biashara mmoja wa soksi. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua ghala na kulifagia, na kazi haikwisha mpaka saa mbili ya usiku. Ni saa kumi na tatu kwa siku. Baada ya hapo wenzake walikwenda kulala, lakini yeye alikwenda chuo cha jioni kilichowekwa kwa ajili ya mafundi na wafanya kazi wa mji, akasoma Kilatini, Kiyunani, Kifaransa na kuchora. Chuo hicho kilikuwa na maktaba, na maktaba hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya sekondari.

Siku za mapumziko alikwenda msitu wa Charnwood, ulio maili chache kutoka mjini, kukamata wadudu. Aliwapenda zaidi mbawakawa. Hakuwakusanya kama mtoto akusanyavyo mawe mazuri. Aliwapanga kwa aina zao, akawachora, na kuandika mahali alipowapata. Mwaka 1843, akiwa bado kijana wa ghalani, makala yake fupi juu ya mbawakawa wakaao mahali penye unyevu ilipigwa chapa katika jarida la elimu ya wanyama.

Mwaka 1844 alikuja Leicester mwalimu kijana jina lake Alfred Russel Wallace, kufundisha katika shule moja ya pale. Wallace alipenda mimea, lakini juu ya wadudu alikuwa hajui kitu. Wawili hao walijuana, na Bates akamwonyesha masanduku yake. Wallace alistaajabu kuona jinsi aina nyingi za mbawakawa zinavyoweza kupatikana kuuzunguka mji mmoja tu, akaanza kukusanya naye. Basi huyu mwanagenzi wa soksi ndiye aliyemtia mwalimu katika njia ya wadudu, jambo ambalo natumaini walimu wetu hawatakasirika nikilisema.

Baadaye Wallace aliondoka Leicester, naye Bates akawa karani katika kiwanda cha pombe mjini Burton, kazi ambayo hakuipenda. Waliendelea kuandikiana barua. Katika barua hizo walizungumza habari za wadudu, lakini nyuma ya wadudu lilikuwako swali kubwa lililowasumbua wataalamu wa wakati ule: aina hizi nyingi za viumbe zimepataje kuwako? Mwaka 1847 walisoma kitabu cha Mmarekani mmoja, W. H. Edwards, aliyesafiri katika Mto Amazon, wakakata shauri kwenda huko huko. Hawakuwa na mshahara, wala serikali haikuwapa kitu. Mpango wao ulikuwa kwamba wadudu na ndege watakaowapata watawapeleka London kwa wakala wao, Samuel Stevens, naye awauzie matajiri na majumba ya makumbusho, na fedha hizo ndizo watakazolia chakula.

Mwezi Aprili 1848 walipanda merikebu Liverpool, na mwezi Mei wakafika Para, mji ulio karibu na mdomo wa Amazon katika nchi ya Brazil, ambao leo waitwa Belém. Bates alikuwa na miaka 23 na Wallace 25. Kwa muda walifanya kazi pamoja, kisha mwaka 1850 wakaachana njia: Wallace akaelekea mito ya kaskazini, na Bates akaendelea kupanda mto mkubwa wenyewe mpaka kijiji cha Ega, ambacho siku hizi ni mji wa Tefé, zaidi ya maili 1,000 kutoka baharini.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Katika mwaka wake wa kwanza huko ilipita miezi kumi na miwili bila barua wala fedha kutoka Uingereza. Mtumishi wake alitoroka, na fedha nyingi alizokuwa nazo zikaibwa. Nguo zilichakaa, viatu vikaisha, akaingia msituni kwa miguu mitupu. Vitabu alivyokuwa navyo alikuwa amekwisha kuvisoma vyote. Aliporudi Para mwaka 1851 alikuta mji umeshikwa na homa ya manjano. Herbert, ndugu mdogo wa Wallace, aliyekuwa amekuja Amazon kusaidia, alikuwa mgonjwa. Bates alimwuguza mpaka naye akashikwa na homa ile ile. Herbert akafa, Bates akapona.

Wengi wangalipanda meli ya kwanza ya kurudi kwao. Bates aligeuza tena mtumbwi kuelekea juu ya mto, akakaa karibu miaka minane zaidi: kwanza miaka mitatu na nusu Santarém, kisha akarudi Ega. Wallace yeye aliondoka mwaka 1852, na merikebu yake ikashika moto katikati ya bahari. Yeye na mabaharia waliokolewa, lakini karibu vyote alivyovikusanya kwa jasho vikaungua. Bates hakuusahau msiba huo. Wakati wake wa kuondoka ulipofika aliigawa mizigo yake katika meli tatu mbalimbali.

Yafaa tumtazame kidogo akiwa kazini, maana katika kazi hiyo ndimo ulimotoka uvumbuzi wake. Saa tatu au saa nne ya asubuhi alikuwa njiani kwenda msituni. Begani kushoto alitundika bunduki ya midomo miwili, mdomo mmoja wenye risasi ndogo na mwingine wenye kubwa zaidi. Mkono wa kulia alishika wavu. Kiunoni na kifuani yalining'inia mabegi, masanduku na kijito cha kuchomekea pini za ukubwa mbalimbali. Saa nane au saa tisa alirudi, na saa zilizobaki alichoma wadudu pini, akawakausha, akaandika. Chungu wa Amazon ni wezi wakubwa, kwa hiyo vizimba vya kukaushia alivitundika darini kwa kamba iliyopakwa mafuta machungu, na juu yake alifunga nusu za vibuyu zilizopinduliwa ili panya ashukaye kwa kamba ateleze na kuanguka. Wenyeji wa msitu, watu wazima na watoto, walimfundisha mengi na kumkamatia wanyama wengi. Bila wao asingalipata hata robo ya vitu vyake.

Huko Ega peke yake alipata vipepeo wa aina zaidi ya 500. Hebu msomaji afikiri: katika nchi nzima ya Uingereza vipepeo hawazidi sana aina 60.

Katika msitu ule Bates alikutana na udanganyifu wa kila namna. Aliona mbawakawa mdogo ambaye kwa macho hatofautiani na kinyesi cha kiwavi kilichoanguka juu ya jani. Aliona buibui wakaao penye kikonyo cha jani, ambao umtazamapo mmoja wao wadhani ni chipukizi la ua. Aliona panzi wa jamii ya nyenje waliofanana sana na nyigu wakubwa wa mchangani, na nyigu hao ndio wanaowawinda panzi ili kuwawekea watoto wao chakula. Huko Caripí mara kadhaa alipiga risasi akidhani amempata ndege, yule ndege mdogo wa Amerika afananaye na chozi wetu, anyonyaye maua huku akisimama hewani. Kumbe aliyeanguka alikuwa nondo. Wenyeji walishikilia kwamba nondo huyo hugeuka kuwa ndege, na Bates hakufaulu kuwatoa katika fikira hiyo. Tukumbuke kwamba yeye mwenyewe, mtaalamu wa wadudu, alikuwa amedanganyika mara kadhaa.

Siku moja alipokuwa akichungua majani ya mti, kikajitokeza kichwa cha nyoka. Alirudi nyuma kwa hofu. Alipotazama vizuri akaona ni kiwavi mkubwa, ambaye sehemu ya mbele ya mwili wake ilivimba ikawa kama kichwa cha nyoka mwenye sumu, na alama za macho ziko mahali pake. Alimchukua kiwavi huyo mpaka kijijini, na kila aliyeonyeshwa alishtuka.

Mambo hayo yote ni ya ajabu, lakini si hayo yaliyompa sifa. Yaliyompa sifa ni vipepeo ambao mtu asiyetazama kwa makini asingaliona kwamba wana jambo.

Katika vivuli vya msitu waliruka vipepeo wa jamaa moja wenye mabawa marefu membamba, yenye mistari ya manjano, nyeusi na rangi ya machungwa, na wengine mabawa kama kioo. Siku hizo waliitwa wote kwa jina la Heliconidae. Walikuwa wengi mno. Waliruka polepole kama watu wasio na haraka, hawakujificha, na mtu aliweza kuwanasa bila taabu. Mnyama mwenye tabia hiyo tungetazamia aliwe siku ya kwanza. Lakini Bates, kwa miaka yote aliyowatazama, hakuona ndege wala kerengende akiwafukuza. Aliwanusa akasikia wana harufu yao ya namna ya peke yake, na hata walipokwisha kukauka sandukuni, wadudu waharibifu waliwaacha na kuwala wengine. Akaona kwamba kwa hakika vipepeo hao ni wachungu, na rangi zao kali ni tangazo la uchungu huo.

Sasa, katika kundi la vipepeo hao wachungu alikuwa akinasa mara moja moja kipepeo ambaye, akimtoa katika wavu, humwona si wa jamaa ile. Mabawa ni yale yale, mistari ni ile ile, na mwendo wa polepole ni ule ule. Lakini akihesabu miguu aona sita iliyo kamili, hali vipepeo wachungu wale hutembea kwa minne tu na miwili ya mbele imedumaa. Na mishipa ya mabawa nayo ni ya jamaa nyingine kabisa. Huyo alikuwa wa jamaa ya vipepeo weupe, wale ambao ndugu zao twawaona kila siku katika bustani za mboga. Wakiwa hewani Bates hakuweza kuwatenga na hao wachungu, ijapokuwa alikuwa amekaa nao miaka mingi. Nao walikuwa wachache, pengine mmoja tu kwa kila elfu ya wale waliofanana nao.

Mtu mwingine angaliandika kwamba kufanana huko ni ajabu ya Mungu, akaenda zake. Lakini Bates alikuwa na kitu ambacho wakusanyaji wengi wa siku zake hawakuwa nacho: kila mdudu wake alikuwa na karatasi yake iliyoandikwa mahali alipokamatwa. Wakusanyaji wengi waliona yatosha kuandika Brazil, au Amazon. Yeye alipowapanga kwa mahali aliona jambo la ajabu zaidi. Vipepeo wachungu hubadilika rangi na mistari kutoka sehemu moja ya mto hadi nyingine. Wa Ega si kama wa Santarém. Na waigaji wao hubadilika pamoja nao. Pale wachungu walipokuwa na mstari wa manjano, waigaji wa pale walikuwa nao. Safari ya maili mia mbili mbele wachungu wakiwa na rangi nyingine, waigaji wa huko wamekwisha kuvaa ile nyingine. Ilikuwa kama watu wanaohama mji na kushona nguo mpya kila wafikapo ili wasijulikane kuwa ni wageni.

Bates alirudi Uingereza mwaka 1859, baada ya miaka kumi na mmoja. Hesabu ya viumbe alivyokusanya ilikuwa aina 14,712, wengi wao wadudu, na kama 8,000 kati ya hizo hazikuwa zimejulikana na wataalamu. Faida aliyobaki nayo mkononi kwa miaka hiyo yote ilikuwa kama paundi 800. Afya yake ilikuwa imevunjika, na hakupata nguvu zake za zamani tena mpaka kufa.

Mwisho wa mwaka huo huo Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe, ambacho wazo lake kuu alikuwa amelitangaza pamoja na Wallace mwaka 1858. Bates alikisoma, na mara vipepeo wake wakapata maana. Tarehe 21 Novemba 1861 alisoma makala yake mbele ya Chama cha Linnaeus mjini London. Ilipigwa chapa mwaka 1862, na maneno yake kwa ufupi ni haya.

Ndege mchanga hajui kipi kitamu na kipi kichungu. Hujaribu, hutema, na hukumbuka rangi ya kile kilichomchukiza. Sasa mchukue kipepeo mtamu wa jamaa ya weupe, ambaye katika watoto wake amezaliwa mmoja mwenye doa la manjano lililo kidogo tu kama la wale wachungu. Ndege amwonapo asita kwa nukta moja, na nukta hiyo yamtosha kipepeo kupita. Huyo ataishi, atataga, na katika watoto wake lile doa litakuwako. Kati ya hao, yule mwenye kufanana zaidi ndiye atakayeachwa zaidi. Hivyo kizazi kwa kizazi, midomo ya ndege ndiyo inayochagua, wala kipepeo mwenyewe hajui kwamba ameiga kitu. Na kwa kuwa ndege wa kila mahali wamefundishwa na wachungu wa mahali pao, ndiyo sababu waigaji wa Ega hufuata rangi za Ega. Tena ni lazima waigaji wawe wachache; wakizidi, ndege ataonja watamu wengi kuliko wachungu, na somo litasahauliwa.

Walikuwako waliosema kwamba kufanana kunatokana na hali ya hewa au chakula cha mahali. Bates aliwajibu kwa ushahidi: kama ni hali ya hewa, mbona wanaofananwa ni wale wale wachungu tu?

Darwin alifurahi sana. Kitabu chake kilikuwa kimepigwa vita kwa kukosa mfano ulio wazi, na sasa mtu aliyekuwa akifagia ghala la soksi amemletea mfano ambao kila mtu aweza kuuweka mezani na kuuona kwa macho. Mwaka 1863 alieleza makala hiyo katika jarida, akaisifu, na alimhimiza Bates aandike kitabu cha safari zake. Kitabu hicho cha Mto Amazon kilitoka mwaka 1863 kwa sehemu mbili na kinasomwa mpaka leo. Na tangu hapo hila ile ya mtamu kuvaa nguo za mchungu yaitwa kwa jina la Bates katika vitabu vyote vya elimu ya viumbe.

Sifa hazinunui mkate, hata hivyo. Bates aliomba kazi katika Makumbusho ya London, mahali palipomfaa kuliko pengine popote, wasimpe. Mwaka 1864 alipata kazi ya Katibu Msaidizi wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, akakaa katika ofisi hiyo karibu miaka 28. Jina la kazi lilikuwa dogo, lakini shughuli zote za chama zilipita mezani kwake: barua, majarida, ramani, na maandalio ya wasafiri. Miaka hiyo ndiyo ambayo chama hicho kilikuwa kikituma watu katika nchi zetu. Cameron aliyeanza safari Bagamoyo mwaka 1873 akatokea pwani ya magharibi, na Joseph Thomson aliyetoka Mombasa mwaka 1883 akapita nchi ya Wamasai mpaka ziwa Victoria, wote walitumwa na chama cha Bates. Yeye mwenyewe hakupata kuiona Afrika ya Mashariki. Wadudu aliwasoma usiku, baada ya kazi, kama alivyofanya alipokuwa mwanagenzi. Baadhi yetu twaona ni hasara kubwa kwamba akili ile ilitumika kujibu barua za wasafiri; lakini alikuwa na mke na watoto, na ofisi ndiyo iliyowalisha.

Laiti angalifika huku angaliona kwamba vipepeo wetu wamemshuhudia vizuri kuliko wa Amazon. Yuko kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa na mkanda mweupe, arukaye taratibu katika mashamba na viwanja vyetu. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na mara nyingi hujiwekea sumu ya mimea hiyo mwilini, ikabaki hata awapo kipepeo. Pamoja naye huruka jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, aliyevaa rangi zile zile hata watoto wetu huwakamata kama mmoja. Lakini dume lake halimwigi mtu: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, na asiyejua hawezi kuamini kwamba hao ni mume na mke.

Wa ajabu zaidi ni Papilio dardanus wa misitu yetu. Dume ni la manjano hafifu na weusi, na mabawa ya nyuma yana mikia. Majike hayana mikia, tena hayafanani hata yenyewe kwa yenyewe. Hili huiga kipepeo mchungu wa aina hii, na dada yake huiga wa aina ile. Zamani walidhaniwa kuwa aina mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Cape Town alipoonyesha mwaka 1869, akifuata nyayo za Bates, kwamba ni ukoo mmoja. Huko Madagascar majike hufanana na madume, bila kuiga. Na kule Uganda, kabla ya vita ya 1914, daktari wa serikali jina lake Carpenter, aliyetumwa visiwani mwa ziwa Victoria kwa sababu ya mbung'o na malale, alitazama vipepeo wengine waigaji. Aliona kwamba bara, penye wachungu wengi, waigaji hufanana nao sawasawa. Lakini visiwani, ambako wachungu ni haba, waigaji huzaliwa na rangi za ovyo ovyo na huishi bila madhara. Pasipo mwalimu mkali, kazi ya mwanafunzi hulegea. Huo ulikuwa ushahidi ambao Bates angaliupenda.

Mambo mawili Bates aliyaacha bila kuyamaliza. La kwanza, hakupata kuthibitisha kwa majaribio kwamba ndege hujifunza na kukataa. Jambo hilo lilifanywa Marekani na Jane Van Zandt Brower, aliyetoa habari zake mwaka 1958: aliwapa ndege wa jamaa ya kunguru, waliofungwa vizimbani, vipepeo wachungu na waigaji wao, na ndege waliokwisha kuonja mchungu walimkataa mwigaji. La pili ni kwamba huko Amazon aliwaona hata wachungu wenyewe kwa wenyewe wamefanana, na hakuelewa mtu mwenye silaha yake aazimie nini ngao ya jirani. Fritz Müller, Mjerumani aliyekaa Brazil, alilijibu mwaka 1878: wachungu wakivaa sare moja, ndege hujifunza somo moja badala ya mawili, na hasara ya kumfundisha hugawanywa kwa wote. Mwaka 1991 ikagunduliwa kwamba hata yule mwigaji aliyetumiwa katika majaribio ya Marekani ni mchungu naye, kwa hiyo hesabu yake imehamishwa kutoka kwa Bates ikatiwa kwa Müller.

Mwaka 1881 Bates alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha London, heshima kubwa kupita zote kwa mtu wa sayansi katika nchi yake. Aliendelea na kazi ya ofisi mpaka mwisho. Tarehe 16 Februari 1892 alikufa mjini London kwa ugonjwa wa kifua, wiki moja baada ya kutimiza miaka 67. Wadudu wake wamegawanyika katika makumbusho na kwa wakusanyaji, lakini madaftari yake mawili ya Amazon yamehifadhiwa katika maktaba ya Makumbusho ya Viumbe mjini London. Ndani yake mna vipepeo na mbawakawa aliowachora kwa mkono na kuwatia rangi, na kando yao maelezo yake kwa mwandiko mdogo uliobanana.